Sauti ya Mama Bukuru Kwenye Simu za Wakwe

Mpendwa mama mkwe,

Shikamoo. Miaka yote tuliyoishi pamoja sikuwahi kukuambia neno kabla ya kukuamkia, na sitaanza leo kwa sababu tu umekwenda mbali.

Nakuandikia hadharani, jambo ambalo ungelikataa, kwa sababu kuna wanawake wengi kuanzia Ilagala mpaka Simbo waliokuwa wakikusikia kwenye simu zao na sasa wanauliza umepotelea wapi. Wengine hawajui kwamba umefariki. Wapo hata waliodhani hukuwa mtu, kwamba ulikuwa sauti iliyotengenezwa na mashine. Mama mmoja pale Ujiji alinishika mkono sokoni, akaniuliza kama ni kweli ulikuwa unakula ugali kama wao. Nikamwambia ulikuwa unakula, tena ulikuwa unalalamika kwamba ugali wangu hauivi.

Nilipoolewa na mwanao nilikuwa mtoto wa Ujiji hasa. Wazee wangu walivuka ziwa kutoka Kongo, na nyumbani tulikuwa tunazungumza Kiswahili asubuhi mpaka jioni. Siku ya kwanza kuja kwako Ilagala nilijitahidi kukusalimia kwa Kiha, nikasema "Mwakeye", salamu ya asubuhi, na jua lilikuwa linazama. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Ukamwambia mwanao, "Huyu umemtoa wapi? Kwake kumekucha saa hizi." Kisha ukanikumbatia. Nilikuogopa siku hiyo, lakini hofu yenyewe haikudumu.

Mwanao ni Bukuru, na kila Muha akilisikia jina hilo anajua kwamba nyuma yake kuna Butoyi, pacha wake. Kwa hiyo kila tulipokwenda watu walimwuliza, "Bukuru, mwenzako yuko wapi?" Naye alijibu, "Alitangulia," basi. Nilipomwuliza zaidi, aliniambia hata yeye hajui zaidi ya hapo. Mama hasemi. Hilo ndilo nililoelezwa nilipoingia katika ukoo wenu: kuna habari moja ambayo Mama Bukuru hasemi.

Unakumbuka ujauzito wangu wa Anjela? Ulikuwa umekuja kututembelea Ujiji, na mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba tulikuwa tunapaza sauti. Miguu yangu ilikuwa imevimba, kichwa kinauma, na uchungu ulikuwa ndiyo kwanza unachungulia. Bukuru akasema tusubiri mvua ikatike. Mimi nilikubaliana naye. Wewe hukubishana na mtu. Nilikuona tu umejifunga kitenge cha pili, umesimama mlangoni na mfuko wangu mkononi.

"Twende."

"Mama, mvua..."

"Mvua ni maji. Twende."

Ndani ya bajaji uliweka kiganja chako mgongoni mwangu, hukukiondoa mpaka tulipofika. Hospitali walipima presha yangu wakaanza kukimbia, na Anjela akazaliwa kwa upasuaji. Daktari alituambia kwamba tungechelewa angekuwa na habari nyingine ya kutupa. Wewe ulikuwa umekaa kwenye benchi, umelowa, unatazama sakafu.

Miaka ilipita, baba mkwe akafariki, nawe ukaja kuishi nasi Ujiji. Mimi nilikuwa nimepata kazi katika ofisi ndogo pale Kigoma mjini, kazi ambayo ulichukua muda kuielewa. Nilikueleza hivi: tunatangaza mambo ya afya, lakini hatutangazi kwa kila mtu kama wale wa spika juu ya gari. Tunachagua nani asikie nini. Mjamzito aliyekubali kliniki kuandikishwa namba yake anapigiwa, na anasikia ujumbe unaolingana na umri wa mimba yake. Wa mjini mwenye simu kubwa anaona video. Wa kijijini mwenye simu ya kitochi anasikia sauti.

"Kwa hiyo mnapiga ramli," ulisema.

"Hapana, mama. Wamekubali wenyewe."

"Haya. Na wanakwenda kujifungulia zahanati?"

Hapo ndipo nilipokwama, kwa sababu hawakuwa wanakwenda, si wengi. Tulikuwa tumerekodi binti mwenye sauti nzuri, anayeongea kama mtangazaji wa televisheni, akiwahimiza waje mapema. Manesi wa mwambao wa ziwa walituambia wanawake wanausikiliza ujumbe, wanaupenda, halafu wanajifungulia nyumbani vilevile, au wanaletwa wakiwa wamechoka kabisa.

Nililifikiria jambo hilo kwa muda mrefu. Siku moja nilikuwa nakutazama ukipaa samaki aina ya migebuka uani, nikakumbuka ule usiku wa mvua. Mimi nilikuwa nimesoma, ninafanya kazi mjini, mwili ni wangu na mtoto ni wangu, na bado nilikuwa nimekubali kusubiri. Aliyeamua ni wewe. Sasa yule binti wa Ilagala, aliyeolewa juzi, ambaye hata maji ya kuoga anaomba ruhusa kuyachemsha, ataamua vipi? Tulikuwa tunampigia simu mtu asiye na uamuzi.

Nikakuambia, "Mama, nataka tuwalenge mama wakwe. Mjamzito atupe namba ya mtu wa nyumbani mwenye kauli, nasi tumpigie huyo. Na nataka sauti iwe yako."

Uliosha kisu, ukaosha mikono, ukaingia ndani. Sikukufuata. Siku kadhaa baadaye, bila mimi kugusia tena, ukaniambia, "Leta hicho kinasa sauti."

Tulirekodia chumbani kwako, milango imefungwa na blanketi limetundikwa dirishani kwa sababu ya jogoo wa jirani. Nilikuwa nimekuandikia maneno. Ulikiweka kile kikaratasi kitandani, ukakikalia. Kisha ukasema haya, na niliyasikia kwa mara ya kwanza pamoja na mashine:

"Mwakeye, mama mkwe mwenzangu. Mimi naitwa Mama Bukuru. Ukilisikia jina langu unajua nilizaa wawili. Ninaye mmoja. Bukuru alipotoka, mwenzake alikuwa amekingama tumboni. Mama mkwe wangu akasema tusubiri, atageuka mwenyewe. Alikuwa hanichukii, alikuwa ananipenda. Tulisubiri. Walipokwenda kutafuta mtumbwi wa kuvuka Malagarasi, Butoyi alikuwa bado anacheza, nilimsikia. Katikati ya maji akaacha kucheza. Mama mwenzangu, mkwe wako akianza uchungu, usimwambie asubiri. Mpeleke."

Ukaniambia, "Zima." Nikazima. Tulikaa pale kitandani, mkwe na mkwe, mpaka Anjela alipokuja kugonga akitaka chai.

Nilikuuliza kama una uhakika. Nilikuambia wazi kwamba sauti hiyo itaingia kwenye simu nyingi. Ukajibu kwamba kama ni kusema mara moja, afadhali wasikie wengi.

Lakini hatukumwambia Bukuru. Wewe ulisema utamwambia mwenyewe, nami nikaona ni haki yako. Tangazo likaanza kwenda hewani. Unajua alivyolisikia. Alikuwa ufukweni Kibirizi anatengeneza injini ya boti, na mama mmoja mwenye dagaa wake alikuwa amekaa kando akisubiri, simu yake ikalia, akaiweka sauti kubwa kwa sababu hasikii vizuri. Bukuru akasikia jina lake. Kisha akasikia mto, na mtumbwi, na nduguye akiacha kucheza.

Alifika nyumbani na mikono yake ina oili, hakunawa. Ulikuwa umeketi mkekani unachambua mchele.

"Mama, nimekuwa nikikuuliza tangu nina akili. Umewaambia watu wa mwambao mzima kabla ya kuniambia mimi?"

Hukuinua macho. Ulisema taratibu, "Wewe ungenitazama, mwanangu. Simu haikunitazama."

Alikaa chini palepale, mkekani, akaweka kichwa chake mapajani mwako na oili yake yote. Mtu mzima, mwenye ndevu. Nilimchukua Anjela tukatoka nje. Juma lililofuata mlikwenda Ilagala nyinyi wawili, ukamwonyesha mgomba nyuma ya nyumba ya zamani mahali alipolazwa Butoyi. Aliporudi, mtu alipomwuliza mwenzake yuko wapi, alikuwa anasimulia. Nilimwona akisimulia mpaka kwa watu waliokuwa wameuliza kwa utani tu.

Ulipata umaarufu bila kuutaka. Muuza samaki Kibirizi alikusikia ukiomba kupunguziwa bei, akaacha kupima. "Wewe ndiye wa kwenye simu!" Akataka kukupa migebuka ya bure ukakataa, mkabishana mpaka watu wakajaa. Manesi walianza kutuambia kwamba wanawake wanakuja mapema, na safari hii hawaji peke yao. Wanakuja wameongozana na mama wakwe zao, mama mkwe mbele, mkwe nyuma, na mama mkwe ndiye anayebisha hodi. Ofisini tulikuwa tunapongezana. Wakakuomba urekodi na jumbe nyingine za kila wiki, za wajawazito wenyewe: namna ya kula, dalili za hatari, maandalizi. Ulirekodi zote. Nilidhani tumemaliza kazi.

Kisha akaja yule mama kutoka Simbo.

Aliingia ofisini amebeba simu kwenye kiganja kama mtu aliyebeba kitu kilichokufa, akaiweka juu ya meza yangu. Nikamwamkia. Akaitikia. Halafu akauliza, "Nani anayemwambia mkwe wangu aandae nepi?"

Sikuelewa.

"Mkwe wangu anaitwa Edita. Mtoto alikuja kabla ya siku zake, akafa. Tumeshamzika. Na hii simu yenu kila wiki inampigia, inamwambia mtoto sasa amekua hivi, mtoto sasa anafumbua macho, aandae nepi. Na yeye anaisikiliza. Nikimnyang'anya analia, nikimrudishia analia."

Zahanati walikuwa wanajua. Habari haikuwa imefika kwenye mashine yetu, na mashine iliendelea kuhesabu wiki za mimba ambayo haikuwepo tena. Niliiondoa namba hiyo yule mama akiwa bado amesimama. Meneja wetu alisema tumpigie simu Edita tumwombe radhi. Nilipokuja kukusimulia, ulivua kandambili, ukavaa viatu vya kanisani.

"Asipigiwe tena simu na mtu. Sauti ni yangu. Nitakwenda."

Tulimkuta Edita amekaa kwenye baraza ya nyumba yao, anapukuchua maharage. Alikuwa mdogo, mama. Ulikaa karibu naye bila kungoja kiti, ukavuta maharage mengine upande wako, ukaanza kupukuchua. Mimi na mama mkwe wake tulibaki tumesimama mlangoni.

"Mimi ndiye ninayekusumbua kwenye simu," ulisema.

Aligeuka haraka. Nadhani aliijua sauti kabla ya kuelewa maneno.

"Nimekuja unisamehe. Sikujua. Ningejua nisingesema habari za nepi."

Mkaendelea na maharage. Baada ya kitambo ukamwuliza, "Alikuwa wa kike?"

"Wa kike."

"Mlimwita nani?"

Akamtazama mama mkwe wake pale mlangoni, kisha akainamisha uso. "Hakuna aliyeniuliza."

"Mimi nakuuliza."

"Furaha," alisema. "Nilikuwa namwita Furaha, kimoyomoyo."

Yule mama aliyesimama kando yangu, aliyekuja ofisini na ukali wote ule, alijifunika uso kwa kitenge chake. Kisha akaenda akaketi upande wa pili wa Edita, na yeye akachukua maharage. Sikusogea. Hapakuwa na nafasi yangu pale, na nilijua hivyo.

Tulirudi mpaka karibu na nyumbani. Ndipo ukaniambia, "Mashine yenu inajua kuhesabu. Haimwulizi mtu hali. Kila mtu hapa akikutana na mwenzake anauliza hali kwanza. Mimi nimewekwa humo ndani ninaongea tu, siulizi." Ulitaka kila ujumbe uanze kwa kuuliza, na mtu apewe namna ya kusema basi.

Nililipeleka ofisini. Meneja, ambaye si mtu mbaya, aliniambia kwamba mtu ukimwonyesha mlango wa kutokea atatoka, na kwamba wafadhili wanataka kuona wasikilizaji wakiongezeka. Tulivutana wiki nzima. Mwisho nilimsimulia habari za Furaha, neno kwa neno, mbele ya wenzetu. Alivua miwani akaifuta muda mrefu. Akasema tujaribu kwa vijiji vya mwambao tu. Ukarudi chumbani, blanketi likarudi dirishani, ukasema: "Mwakeye, mwanangu. Ni Mama Bukuru. Hali yako? Kama unataka niendelee kuzungumza nawe, bonyeza moja. Kama kuna jambo limetokea, au umenichoka, bonyeza mbili, nami nitakuacha upumzike." Wapo waliobonyeza mbili. Waliobaki walisikiliza mpaka mwisho. Baadaye vijiji vingine navyo vikaongezwa.

Nimekuwa nikiifikiria sana kazi yangu tangu uondoke. Sisi tunasema tunawalenga watu. Kulenga ni neno la mwenye manati au bunduki, na kwa kweli kuna siku tulikuwa tunafanya hivyo: tunamjua mtu umri wake, kijiji chake, mimba yake, tunafumba jicho moja, tunaachia. Siachi kuamini kazi hii. Kuna watoto wanakimbia mwambaoni leo kwa sababu simu ililia kwa bibi yao wakati unaofaa. Lakini najua pia kwamba tuliingia ndani ya nyumba ya Edita bila kubisha hodi, tukiwa na nia njema kabisa, na nia njema haikumsaidia chochote. Sasa nikipanga nani asikie nini, huwa najiuliza kama mimi mwenyewe ningekaa barazani kwake nikamwambia maneno hayo usoni. Kama siwezi, nayafuta.

Uliugua kwa muda mfupi tu, homa ya mapafu, mvua zilipoanza. Tulikuwahisha hospitali siku ileile ulipoanza kuhema kwa shida, nataka ujue hilo. Hatukusubiri. Ila safari hii haikutosha. Tulikupeleka Ilagala, tukakulaza karibu na baba, na karibu na ule mgomba.

Kwenye matanga likazuka suala la sauti yako. Mjomba wake Bukuru alikuwa mkali. "Marehemu hatangazi," alisema. "Mtu amezikwa jana, leo anapiga simu? Watu wataogopa." Wengine wakasema ni sadaka yako, iachwe idumu. Walizungumza mpaka wakachoka, kisha wote wakamgeukia Bukuru.

Alisema, "Waliokwisha kumzoea wasikatishwe njiani. Wapya wasianzishiwe."

Ikawa hivyo. Wanaojiandikisha sasa wanamsikia mama mwingine. Wako wa zamani waliendelea nawe, na kila mmoja alipojifungua, sauti yako ilikoma kwenye simu ya nyumba hiyo. Nimeiona ikipungua hivyo, kijiji kwa kijiji, kwa kuzaliwa watoto. Sikuwahi kusikia mtu aliyemalizika kwa namna nzuri kuliko hiyo, ingawa kila nesi alipopiga simu kutoa habari njema nilikuwa nafurahi na kuumia kwa pamoja.

Akabaki mmoja, binti wa kijiji cha mbele ya Ilagala, mimba yake ya kwanza. Wiki hii nesi alinipigia. Amejifungua salama, akasema, kuna mtu hapa anataka kuongea na wewe. Akampa simu mama mkwe.

"Nataka kuongea na Mama Bukuru," yule mama alisema.

Nikamwambia mimi ni mkamwana wake, na kwamba Mama Bukuru amefariki.

Nilisikia watu wa wodini, na mtoto akilia kwa mbali.

"Sasa nimwambie nani kwamba nilimpeleka?"

"Niambie mimi, mama."

Akanisimulia yote. Uchungu ulianza wanapika. Mumewe alisema watu wapate chakula kwanza, wanaume walikuwa wamechoka na boti ilikuwa imefungwa. Akaepua sufuria mwenyewe, akaimwaga nje, chakula kizima, ili pasiwe na cha kusubiriwa. Boti ikafunguliwa. Ziwa lilikuwa na mawimbi, akamshika mkwe wake njia nzima. Mtoto alikuwa ametanguliza miguu, na wakunga wakasema ni bahati wamewahi. Mtoto yupo. Mama yake yupo, anakunywa uji. Sikumkatiza hata mara moja.

Alipomaliza akasema, "Basi ukipata nafasi, mfikishie."

Niliwaambia wenzangu ofisini wanipishe kidogo, nikaitoa namba ya mwisho, na sauti yako ikanyamaza. Kisha nikachukua kalamu.

Mama, alimpeleka. Mwenyewe amesema nikuambie.

Pumzika sasa.

Mkamwana wako,
Mama Anjela
Ujiji